Jinsi ya Kufuga Kuku Kumi na Wawili na Ploti Nzima

Kwanza ondoa wazo kwamba kuku watakuwa wako. Utawanunua wewe, banda utalijenga wewe, na saa kumi na mbili asubuhi utatoka na shuka mabegani kuwapa maji wewe. Lakini ukishawaachilia nje mara moja tu hapa Nakuru, iwe ni Kiamunyi, Lanet, Free Area au nyuma ya nyumba za Section 58, watakuwa kuku wa ploti. Wataujua mlango ambao mabaki ya githeri hutupwa saa nane. Watataga chini ya gari la mtu ambaye hajawahi kukusalimia. Mtoto wa mpangaji wa nyumba namba nne atawapa majina, na yule atakayeitwa Cheupe hutamchinja Krismasi bila ploti nzima kulia. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwa majirani, halafu ndio uende kwenye banda.

Anza na jogoo. Methali inasema jogoo la shamba haliwiki mjini. Nakuru imekuwa jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021 na jogoo bado anawika, tena saa tisa za usiku, akijibiwa na wa ploti ya pili na wa ya tatu mpaka mtaa mzima uko macho. Kama unataka mayai ya kula tu, usinunue jogoo. Utabishiwa. Shemeji, fundi wa banda na muuza mahindi choma watakuapia kwamba mtetea hatagi bila mume. Anataga, ni vile tu yai lake halitatoa kifaranga. Jogoo mlete siku utakayotaka vifaranga, mmoja kwa mitetea 10, na kabla hajaingia mpelekee mayai sita mwenye dirisha lililo karibu na banda. Mayai hayo ni gharama ya ujenzi. Yaandike pamoja na misumari.

Baridi nayo ina mambo yake. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai upepo wa upande wa Menengai haumhurumii kifaranga wa siku moja. Wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka aote manyoya. Kama huna kipimajoto, tazama wanavyolala. Wakirundikana kama abiria wa matatu ya mwisho kwenda Njoro, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni midomo wazi, umewachoma. Wakitawanyika huku wakilia kisauti cha kuridhika, nenda kalale. Stima itapotea, kwa hiyo jiko la makaa liwe tayari, liwakie nje kwanza hadi moshi uishe, na juu ya ukuta uache upenyo wa hewa. Makaa katika chumba kilichozibwa huua vifaranga kimya kimya, na huua hata mtu. Usiwalee chumbani unamolala.

Ukifika agroveti utakuta mabishano. Huyu ni wa kuku wa KALRO, waliotoka katika kituo cha utafiti cha Naivasha. Yule ni wa Kuroiler, asili yake India. Wa tatu anaapa kwa Sasso wa Ufaransa. Na karibu na mlango yupo mama mwenye kuku kishingo wa kienyeji, anawasikiliza tu. Mimi niko upande wa mama. Kuku walioboreshwa hutaga mayai mengi kuliko wa kienyeji, hilo halina ubishi, lakini wengi wao wamepoteza hamu ya kuatamia. Koo wa kienyeji atakaa juu ya mayai siku 21, amekonda, amevimbisha manyoya, yuko tayari kukudonoa kidole. Mwenye kuku walioboreshwa na jogoo wao apeleke mayai kwa mwenye koo, na wapatane mapema vifaranga watagawanywaje. Mkipatana baada ya mayai kuanguliwa, mtagombana.

Watalii wanavuka bahari kuja kutazama ndege wa Ziwa Nakuru. Mfugaji wa Nakuru mpe kiti nyuma ya jikoni saa kumi na moja jioni, umning'inizie kuku wake fungu la sukuma wiki kwa kamba, na hataomba kitu kingine. Atakuonyesha yupi ni malkia, yupi ni mwoga, yupi huchukua mdudu wa mwenzake na kutimua mbio. Saa hiyo jirani naye huja na kiti chake.

Sasa ugonjwa wa Newcastle, na hapa nataka unisikilize vizuri. Nakuru tuna mtaa uitwao London, lakini mji wa Uingereza unaomtisha mfugaji ni Newcastle, ambako ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1926 ukapewa jina lake. Utaona kinyesi cha kijani, mabawa yaliyolegea, shingo iliyojipinda. Tiba hauna. Mimi nilizika kuku 11 kwa siku tano, baada ya kuleta mtetea mzuri niliyemnunua kando ya barabara kwa bei ya chini mno. Wapo wanaouza upesi wakiona ugonjwa umeingia bandani mwao, na naamini bei ile ilikuwa na sababu hiyo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walisema wahenga, na kamba hiyo ikae wiki mbili, mbali na wenzake, kwa chombo chake mwenyewe cha maji. Aliyekufa mzike kwenye shimo refu au mchome. Usimtupie mbwa.

Chanjo ipo, na si ghali. Shida iko kwenye chupa. Chupa ndogo ambayo agroveti hukupa huwa na dozi 100, na ikishachanganywa lazima iishe ndani ya saa mbili hivi. Wewe una kuku 12. Watu wengi hupiga hesabu hiyo mbele ya kaunta, wakaona dozi 88 zikimwagwa, wakarudi nyumbani na dawa ya minyoo. Hapo ndipo ploti inapoingia. Hesabu ya kweli ni ya kujumlisha: wako 12, wa mama mboga 9, wa mlinzi 5, wa mwalimu mstaafu 30, wa ploti ya pili 40. Mmefika 96, na mkigawana bei kila mtu anatoa pesa ya maandazi.

Inunueni asubuhi mapema, ibebwe kwenye thermos yenye barafu, na msome maelezo ya chupa kabla ya kufungua. Chanjeni kuku wazima peke yao. Ikiwa ni ya jicho, mmoja ashike kuku, mwingine adondoshe tone moja, na mtoto aliyewapa majina aandike nani amepata. Ikiwa ni ya maji, wanyimeni kunywa kwa saa mbili kwanza, na msitumie maji ya mfereji yaliyotiwa klorini kwa sababu yanaua chanjo. Maji safi ya mvua yanafaa. Rudieni kila baada ya miezi 3, maana kuku wanaozurura hukutana na ugonjwa njiani.

Jumamosi hii, kabla hujafungua banda, bisha mlango wa jirani umwulize ana kuku wangapi. Mwambie una nafasi 88 kwenye chupa.