Makaa Safi, Asili Usiulize

Mama wa mtaa wa Free Area, Nakuru, anayechagua makaa ana maswali yake. Yana moshi? Yatafika mpaka githeri iive? Akiridhika, huja la mwisho, kwa sauti ya chini: yametoka wapi?

Yametoka msalani. Nawasscoal, kampuni iliyozaliwa na Nawassco, wauza maji wa Nakuru, hukausha kinyesi kinachozolewa vyooni, hukichoma tanurini hadi kiwe makaa, hukichanganya na vumbi la mbao lililochomwa vivyo hivyo, kisha huongeza molasi ili vishikane. Hapo huviringwa vitufe vyeusi, jina la biashara Makaadotcom. Moto wa tanuru huua vijidudu na kumaliza harufu. Kisichotoka ni aibu.

Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, bei ya makaa ikapaa, na pua nyingi zikapunguza maringo. Makaa ya mti ulioibwa msituni usiku hayakuwahi kuulizwa ukoo. Hayo, inaonekana, ni safi tangu kuzaliwa.

Jumapili mgeni huketi, hula kuku, husifia moto usio na moshi na kuuliza unanunuliwa wapi. Mwenyeji humwongezea ugali.