Juma la Kamba na Salfeti

JUMATATU. Nimekaa kwa fundi cherehani saa tatu nzima. Shule zinakaribia kufunguliwa na meza yake imejaa sare. Sare zina tarehe, na begi langu nalo lina tarehe: Jumamosi mimi na mpwa wangu tunakwenda maporomoko ya Sanje. Nilimpelekea salfeti mbili za mbolea zilizofuliwa na mkanda wa kiti cha gari nilioununua gereji. Aliuvuta mkanda kwa mikono miwili, kisha kwa meno. "Mzee, huu haukatiki. Itakayochanika ni salfeti, hapa kwenye mshono." Akaikunja mara tatu pale mkanda unaposhika, akashona msalaba ndani ya mraba. Sindano mbili zimevunjika. Nimezilipia.

JUMANNE. Nimepaka nta kitambaa cha hema. Mishumaa minne na mafuta ya taa kidogo, kopo likiwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Unapaka kwa brashi, unaanika. Saa kumi jioni shamba la miwa la ng'ambo likachomwa ili lianze kuvunwa. Sisi wakazi wa Ruhembe tunayajua masizi yale: membamba, marefu, yanashuka polepole kama nywele zilizokatwa na kinyozi. Yote yalinata kwenye nta. Nimemwaga ndoo ya maji juu ya kitambaa na halikupita tone. Mama watoto amefua mashuka upya.

Hema si la Sanje. Ni la Mwanihana, kilele cha mita 2,150 kilichomo ndani ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Ni kilomita 38 kwenda na kurudi, siku tatu, na askari mwenye bunduki kwa sababu ya tembo na nyati. Nimeishi nikiitazama milima ile tangu utotoni. Sijalala juu yake hata usiku mmoja, na hilo linaniuma.

JUMATANO. Kamba. Wilaya yetu ya Kilosa ni nchi ya katani, kwa hiyo nilisokota yangu, nyuzi tatu, unene wa kidole gumba. Nikaifunga kwenye tawi la mwembe, nikaning'iniza ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Ilitulia. Nikainyanyua ndoo mpaka kifuani, nikaiachia. Kamba ikakatika penye fundo na ndoo ikapasuka.

Hapa naomba nisikilizwe vizuri. Katani haivutiki. Mtu akianguka, mshtuko wote unaishia kwenye fundo na kwenye kiuno chake. Kamba za wapanda miamba ni za nailoni, na zinavutika ili mwili usimame taratibu. Begi utashona, hema utapaka nta, lakini kamba ya kubeba uhai wa mtu usijitengenezee. Yangu nimeipa kazi ya kufungia mizigo. Ndoo ilikuwa ya jirani, nimemnunulia nyingine.

ALHAMISI. Foleni kwa fundi viatu, watu sita mbele yangu. Amebandika kipande cha tairi chini ya buti langu la zamani, maana meno ya tairi yanashika vizuri kwenye tope. Akasema gundi ilale usiku mmoja chini ya jiwe. Niliondoka na buti saa hiyo hiyo, nikapitia kisimani.

IJUMAA. Mpwa wangu ameona kwenye simu watu wa Ulaya wakipanda mlima wa theluji kwa miguu, kisha wakishuka wamesimama juu ya ubao. "Mjomba, sisi tutateleza wapi?" Nikamwambia theluji yetu iko Kilimanjaro, mita 5,895, na inazidi kupungua. Akalipasua dumu la lita 20 kwa urefu, akalipasha moto akalikunja ncha, akashuka nalo tuta la majani makavu akiwa amesimama. Alifika chini. Kiwiko kimechubuka.

JUMAMOSI. Bodaboda saa kumi na mbili asubuhi hadi barabara kuu. Kosta haikuondoka mpaka ijae, na ilijaa saa tatu. Mbele yetu trekta la miwa lenye matela mawili, halafu jingine. Tukavuka daraja la Ruaha Mkuu pale Kidatu. Tukaipita Sanje, tukaenda Mang'ula kujiandikisha kwenye ofisi kuu ya hifadhi, tukarudi Sanje. Tulianza kupanda saa nane. Matembezi yale huchukua kama saa nne, na mwongozaji akasema giza litatukuta juu. Tuishie chini ya maporomoko. Alikuwa sahihi.

Kwenye kona ya tatu soli ya tairi ikabanduka. Nikatoa kamba ya katani, nikaizungusha mara nne na kuifunga juu ya kifundo. Ikashika mpaka mwisho. Wakati nafunga, mpwa alinigusa bega: juu yetu kima waitwao mangabe wa Sanje walikuwa wakivunja matawi wakila. Wanasayansi walimtambua mnyama huyu mwaka 1979 tu. Wenyeji walikuwa naye siku zote. Mbele kidogo maji yakaonekana, mita 170 kutoka juu, na upepo wake ukatulowanisha kabla hatujafika. Mpwa hakusema neno kwa dakika nyingi. Begi halikuchanika.

JUMAPILI. Gundi inalala chini ya jiwe. Nimehesabu waliokuwa njiani jana: wageni kumi na mmoja na sisi wawili. Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi, pungufu sana ya anacholipa mgeni, na kutoka hapa ni mwendo wa asubuhi moja. Tunarudi Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, safari hii hadi juu ya maporomoko. Salfeti za begi jingine ninazo. Anayetaka aje na viatu alivyokwisha kuvizoea, na awe barabarani kabla ya saa kumi na mbili.