Povu la Mursik

Tangu Nakuru ipewe hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021 na kuwekwa safu moja na Nairobi, Mombasa na Kisumu, imejitahidi kujifunza tabia za kijiji. Samahani, za jiji. Boda boda ni wale wale, vumbi la Menengai ni lile lile, ila chakula kimepanda cheo.

Dada yangu mdogo alipata kazi huko, akaamua mshahara wake wa kwanza ulishe ukoo, yaani mimi na Kogo, nyanya yetu mzaa baba. Tukashuka na matatu kutoka Keringet, tukapita Molo, Elburgon na Njoro. Kogo alivaa sweta mbili, kwa kuwa mtu wa mitelemko ya Mau haliamini jua la mahali asipopajua, na mapajani alipakata kiondo alichokifunika leso. Hakuna mtu wa kwetu anayekwenda kumwona mjukuu mikono mitupu.

Mkahawa wenyewe sitautaja. Taa zake zilikuwa hafifu hata Kogo akauliza kama stima zimepotea. Kwenye menyu hapakuwa na chakula, palikuwa na mashairi: Udongo wa Mau, Moshi wa Boma, Ukungu wa Alfajiri. Dada akatuagizia vyote kabla hatujaanza kuuliza maswali.

Yalitangulia maji. Mhudumu aliileta chupa kwa mikono miwili, akamgeuzia Kogo lebo aikague. Kogo si msomaji sana, lakini neno Keringet analitambua hata gizani.

"Haya ni ya kwetu?"

"Ndiyo, shosho."

"Yamelipa nauli ngapi?"

Swali lilikuwa zuri kuliko alivyodhani, kwani bei ya chupa ilikuwa inakaribia nauli yangu.

Udongo wa Mau ukaja juu ya kigae cheusi cha jiwe. Kogo akataka kujua kama sahani zimeisha. Juu ya jiwe kulikuwa na kiazi kimoja kilichokatwa vipande vitatu, kimeviringishwa katika chenga nyeusi za mkate uliobabuliwa ili kionekane kimetoka shambani sasa hivi. Kogo akachukua kitambaa cha mezani akakipangusa, kipande baada ya kipande, kwa subira ya mtu aliyelea watoto wengi. "Kwetu," akamwambia mhudumu kwa upole, "kiazi huoshwa kabla ya kupikwa."

Mimi nilikuwa mbali, nakokotoa. Kiazi chenyewe kilikuwa Shangi, nakijua kwa macho yake. Shangi huiva haraka na watu wa chipo wanakipenda, lakini hakina subira: wiki chache tu ghalani kinaanza kuchipua. Dalali analijua hilo kuliko wewe, kwa hiyo anakuja jioni, anatazama mawingu, anasema bei imeshuka. Kanuni za viazi za 2019 ziliweka gunia kilo 50, ila lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake, haijui kusoma. Nikaichukua idadi ya viazi vya gunia, nikaizidisha kwa bei ya lile jiwe, nikapata jibu ambalo lingenijengea nyumba ya mawe. Nikakila kiazi polepole. Kilikuwa kitamu, sikatai.

Moshi wa Boma ulikuja umefungiwa chini ya bakuli la kioo. Mhudumu alilifunua kwa madaha, moshi ukatoka, na ndani mkaonekana kipande cha mbuzi na jani moja la managu lililosimamishwa wima kama bendera ya chifu. Kogo alishajifunika uso kwa leso. "Funika! Moshi nimeula bure maisha yangu yote, leo niununue?"

Kisha Ukungu wa Alfajiri: mursik, maziwa yetu ya mgando. Mursik ambayo wanariadha wetu hupokewa nayo kwa kibuyu wakirudi na medali ilikuwa imegeuzwa povu ndani ya bakuli, na juu yake unga wa mkaa wa mti wa senetwet. Povu hili lina ukoo. Katika miaka ya 1990 Mhispania Ferran Adrià, kwenye mkahawa wake wa El Bulli, alianza kusukuma rojo na michuzi kwa gesi itoke povu, ladha ibaki na uzito uondoke. El Bulli ulifungwa mwaka 2011, lakini povu lilikuwa limeshatoroka, na sasa limefika mezani kwetu.

Kogo amekama ng'ombe tangu utotoni, na povu la maziwa anajua kazi yake. Akalisogeza pembeni kwa kijiko. Akachungulia. Akaona sakafu ya bakuli.

"Maziwa yako wapi?"

"Ndiyo hayo, shosho."

"Hili ni povu."

"Ndiyo, shosho."

Akatugeukia. "Wamekunywa maziwa, wametuachia povu."

Bili ilikuja na kodi yake ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2. Dada aliisoma kimya, nasi tukaheshimu msiba wake. Nyuma ya bili akaja mpishi mkuu, kijana mwenye ndevu zilizochongwa, kuuliza tumeonaje.

"Mkaa umeuweka juu," Kogo akamwambia. "Mkaa unasuguliwa ndani ya kibuyu, maziwa yanaukuta huko." Akafunua kiondo, akatoa kibuyu cha mursik alichomletea mjukuu wake, akammiminia mpishi katika glasi ya mvinyo. Mhudumu alitaka kusema jambo kuhusu vyakula vya kutoka nje, mpishi akamnyamazisha kwa mkono. Akanywa. Akafumba macho. Alipoyafumbua aliuliza kama kuna kingine nyumbani.

"Wewe bakuli moja unauza pesa ngapi?"

Mpishi akasema, kwa sauti ya chini. Kogo akalitazama bakuli, akakitazama kibuyu, akaanza kuhesabu kwa vidole. Vilipofika mkono wa pili, mpishi akaingiwa na wasiwasi.

"Kogo, sisi tungenunua kwa bei ya shambani."

"Shamba liko Keringet," Kogo akasema, bila kuacha kuhesabu. "Hapa tuko jijini."