Barua ya Wazi kwa Wenye Meza Yangu

Kwa wakurugenzi wa mitandao ya simu, wakuu wa mabenki yenye mawakala mitaani, wasimamizi wa mifumo ya malipo, na ninyi wa mapato mliozoea kutajwa kwanza lakini leo mtavumilia.

Yah: Ombi la kutounganishiwa vifaa vya kazi

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Tandika, Dar es Salaam, kwenye kibanda cha wakala. Wakala wa nani? Swali hilo lina majibu saba, na kila mmoja wenu anaamini jibu ni yeye. Nimeona niwaandikie wote barua moja kwa sababu sijapata kumjua hasa mwenye meza yangu. Kila kilicho juu yake kina mwenyewe, kina nembo, kina masharti na namba ya huduma kwa wateja. Mbao tu ndizo zangu.

Fununu zimenifikia kwamba wapo wataalamu wanaotaka kuvikusanya vifaa vyote vya wakala viwe kimoja, eti kuongeza ufanisi. Nawasihi muwakataze. Watu hao hawajaketi hapa.

Ngoja niwaonyeshe mali yenyewe. Kulia zimepangwa simu tano za kitochi, kila moja na laini yake ya uwakala: M-Pesa, Mixx (ambayo wateja wangu bado wanaiita Tigo Pesa, na mimi simrekebishi mtu aliyeshika hela), Airtel Money, HaloPesa na T-Pesa. Nimezivisha rababendi za rangi tofauti, maana simu zenyewe ni pacha na mkono wenye haraka hauna macho. Kushoto ziko mashine mbili za benki, kila moja na rola lake la karatasi. Katikati imekaa mashine ya risiti za kodi, EFD, jamii ya zile zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, nayo ni ya soda na sabuni ninazouza pembeni. Chini ya meza kuna ekstensheni yenye matundu sita. Vifaa ni vinane. Viwili hushinda na njaa kwa zamu, na mimi ndiye ninayeamua nani afunge leo. Madaraka kama hayo mtu wa hali yangu angeyapata wapi tena?

Kisha kuna faida za kiafya. Laini na mashine zangu zina namba za siri saba, na ninyi wote, kwa nyakati mbalimbali na kwa lugha ya upole, mmenishauri nisizifananishe, nizibadilishe mara kwa mara na nisiziandike popote. Nimetii. Nimezihifadhi kichwani, pale zilipokuwa tarehe za kuzaliwa za wanangu. Kifaa kimoja huenda kingenipa namba moja ya siri, na akili isiyotumika huota kutu.

Msisahau pia elimu mnayowapa wateja wangu. Wa M-Pesa anabonyeza nyota 150 nyota 00 reli. Wa Mixx anabonyeza nyota 150 nyota 01 reli. Wa Airtel Money ni 60, wa HaloPesa ni 88. Zote zinaanza na nyota 150 nyota: ukoo mmoja, babu mmoja, ila hawali sahani moja. Mzee aliyesoma mpaka darasa la nne leo anazitamka bila kukwama. Watu pekee nchini waliorahisisha mambo ni wale matapeli wa meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii". Wao wana namba moja, maelekezo ya sentensi moja, na hawajali mteja ni wa mtandao upi. Naogopa kusema hayo ni ufanisi, lakini sina neno lingine.

Kumbukumbu za kazi nazo hazinikauki. Mteja akija akatoa pesa kwa mashine ya benki, akanunua umeme wa LUKU na kushushia soda moja, anaondoka na risiti ya benki, meseji ya muamala, tokeni ya tarakimu 20 na risiti ya EFD. Mimi nabaki na nakala ya risiti, meseji yangu, na mstari ninaouandika kwa peni kwenye daftari la kaunta, kwa sababu siku mambo yakivurugika daftari ndilo shahidi ninayemwamini. Ndiyo, waheshimiwa. Katikati ya mitambo minane, ushahidi wangu ni peni.

Wenye haraka watasema dunia imeenda upande mwingine. Ni kweli. Januari 2007, kule San Francisco, Steve Jobs alisimama jukwaani akatangaza vitu vitatu: kicheza muziki, simu, na chombo cha intaneti. Akavirudia, akavirudia tena, kisha akasema ni kitu kimoja. Watu wakashangilia. Miezi miwili baadaye, Machi 2007, M-Pesa ikazinduliwa Kenya, na Aprili 2008 ikavuka mpaka kuja Tanzania. Wenzetu walichukua vifaa vitatu wakavifanya kimoja. Sisi tukachukua simu moja, kitu ambacho tayari kilikuwa mikononi mwa watu, tukaizalisha mpaka ikajaza meza. Ubunifu wetu haukupigiwa makofi, na hilo nalo ni dhuluma.

Kibaya zaidi ni kwamba upande wa mteja mlikwishaharibu. Mwaka 2014 baadhi yenu mlikubaliana wateja watumiane pesa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na mwaka 2016 mkubwa wenu naye akaingia. Nchi yetu ikasifiwa kwa hilo huko nje, na ilistahili. Baadaye Benki Kuu ikaja na TIPS, mfumo unaohamisha pesa papo kwa papo kati ya mabenki na mitandao, kisha alama moja ya TANQR, ili mwenye duka asibandike ukuta mzima mabango ya lipa namba. Kijana aliye Mwanza na laini ya mtandao huu anamtumia mama yake wa Tandika mwenye laini ya mtandao ule, na pesa inafika kabla hajarudisha simu mfukoni.

Inasafiri kutoka Mwanza hadi Tandika. Ikishafika hapa, haiwezi kuvuka meza.

Nitawasimulia kisa kimoja tu. Alikuja bibi mmoja, mweka hazina wa kikoba cha akina mama wa mtaa wa nyuma. Tulikwishaamkiana na alikwishafungua pindo la khanga.

"Mwanangu, niwekee laki tano. Hela za kikoba hizi, sitaki zilale ndani."

Akanipa namba yake. Nikaangalia laini husika: floti, yaani pesa ya kwenye laini ninayomrushia anayeweka taslimu, ni laki tatu.

"Bibi, kwa laini hiyo nina laki tatu tu."

Akazitazama simu zangu, moja baada ya nyingine, kama anayekagua samaki. "Na hizo nyingine hazina kitu?"

"Zina pesa, bibi. Ila si za laini yako."

"Kwani pesa zina kabila?"

Sikuwa na jibu, nanyi hamkuwapo. Akafunga pindo lake, akavuka barabara kwa wakala mwingine, na kamisheni yangu ikavuka naye. Msitu wa simu, mashine zinawaka taa, na mtu mzima anaondoka na hela mkononi kwa sababu hakuna wa kuipokea.

Fanyeni hesabu wenyewe, ni ya shule ya msingi. Tuseme mtaji wangu wote ni shilingi 3,000,000. Naacha 900,000 taslimu kwenye droo kwa ajili ya wanaotoa. Zinabaki 2,100,000. Nikizigawa kwa laini tano na mashine mbili za benki, kila moja inapata 300,000. Kwenye karatasi mimi ni mtu wa milioni tatu. Kwa bibi mwenye laki tano, mimi ni mtu wa laki tatu. Kila chombo mnachoniongezea, kwa hisani na kwa picha ya pamoja na meneja wa kanda, kinanipunguzia uwezo wangu mbele ya mteja. Mkiniletea vitatu zaidi, zile 2,100,000 zitakuwa 210,000 kila kimoja, nami nitaheshimika sana mtaani kama mwenye simu nyingi.

Nikiishiwa floti huku na ikijaa kule, dawa yake mnaijua kwa jina zuri kwenye semina zenu. Hapa mtaani dawa ni kumpigia jirani: "Kaka, nirushie laki mbili za laini ile, nikurushie za hii." Jirani akiwa nazo na roho yake ikiwa nyeupe siku hiyo, kazi inaendelea. Asipokuwa nazo, nachukua taslimu, nafunga kibanda, napanda bodaboda kwenda kwa wakala mkuu kununua floti. Nauli ni yangu. Wateja wanaokuta kibanda kimefungwa nao walikuwa wangu. Pesa imetoka mfukoni mwangu ikarudi mfukoni mwangu, na katikati ikapanda pikipiki.

Najua mwerevu mmoja ataniuliza kwa nini nisitumie simu ya laini mbili nipunguze msongamano. Anayeuliza hivyo hajawahi kuwa katikati ya menyu, ameshaingiza namba ya mteja na kiasi, halafu mteja wa pili anagonga kaunta akitaka laini ya pili ya simu hiyohiyo. Menyu moja ikifunguka, nyingine inasubiri. Ikichelewa, inakatika. Ikikatika, mnabaki wawili mnatazamana mkisubiri meseji ili mjue kama pesa imekwenda au haijakwenda. Siku za mshahara, foleni ikifika kwa muuza chipsi, sekunde zile ni ndefu kuliko hotuba zenu.

Sasa niongee nanyi kama mtu mzima, maana kejeli nayo inachosha.

Yule mtaalamu wa kifaa kimoja namhofia kwa dhati. Najua atakachofanya. Atatengeneza kitu kizuri cheusi, chenye kioo cha kugusa na kichapishi ubavuni, kitazinduliwa hotelini, na ndani yake zitakuwamo floti saba zilezile, zimegawanywa vilevile, kila moja na namba yake ya siri. Bibi wa kikoba atakuja na laki tano zake, nami nitamwambia nina laki tatu, isipokuwa safari hii nitamwambia nikiwa nimeshika kifaa cha kisasa. Tena kikianguka chini au kikiibwa, kibanda kizima kimekufa. Leo mtandao mmoja ukilala, wengine wako macho, na mteja mwenye laini mbili hakosi pa kupita. Wingi wa simu una hekima hiyo moja, na sitaki mtu aniondolee kwa jina la maendeleo.

Kwa hiyo simu ziacheni. Rababendi ninazo. Ekstensheni ya matundu manane nitanunua mwenyewe, Mungu akinijalia. Kinachotakiwa kuwa kimoja ni floti. Wakala awe na akaunti moja ya mtaji, na laini yoyote atakayoishika, au mashine yoyote, ichote humo. Laki tano ya bibi ipokelewe na simu yoyote iliyo hai, nanyi mkamaliziane wenyewe huko juu usiku, mtandao kwa mtandao, benki kwa benki. Msiniambie haiwezekani kiufundi. Mfumo unaowawezesha wateja wenu kuvushiana pesa papo kwa papo mnao tayari. Mteja mmemfungulia mlango. Wakala, ambaye pesa zote za taslimu zinapita mikononi mwake kwanza, mmemwacha nje akiwa na funguo saba.

Nadhani sababu ya kutofanya hivyo naijua, na haihusiani na mitambo. Floti iliyolala kwenye laini ya mmoja wenu ni pesa iliyolala kwake. Ikiwa moja kwa wote, mtalazimika kushindana kwa kamisheni na kwa huduma, badala ya kushindana kwa kuufunga mtaji wa mtu mwenye kibanda cha mabati. Kama nimekosea, jibuni kwa maandishi, nami nitaibandika barua yenu hapa ukutani, palipobaki nafasi kati ya mabango.

Wakati mkilitafakari, nawaalika mje kuketi kwenye kiti hiki siku moja ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa kumi jioni mpaka saa tatu usiku. Msije na kamera. Na kama kati yenu yupo atakayekuja kuweka pesa, anipigie kwanza nimwambie ni ya mtandao gani imebaki.

Wenu mtiifu, nyote kwa pamoja na kila mmoja kwa masharti yake,

Wakala, Tandika