Fundi wa Kisu cha Jikoni

Hongera, fundi, kwa kuing'oa deki ya sidii kwa kisu cha jikoni. Skrubu za upande wa pili wa kasha ni za wasoma vitabu. Wewe una misuli. Katundu ka usoni, kanakochomekwa klipu ya karatasi iliyonyooshwa ili trei iliyokwama itoke, ulikadhania pambo. Sasa deki mpya haionekani kwenye kompyuta, nawe unalaumu virusi. Virusi gani, ndugu yangu? Deki hii ni ya IDE. Iko kwenye waya mmoja na diski kuu, na jampa za zote mbili umeziweka masta. Mafahali wawili, zizi moja! Hamishia ya deki kwenye slevu. Ankara ya mazabodi mpya uliyoniandikia, silipi.