Niacheni Nicheke

Mimi sina ugomvi na bendi za roki ya progresivu. Ugomvi wangu ni na mashabiki wao. Shemeji yangu, kwa mfano, mtu mzima mwenye wajukuu, amepiga marufuku kucheka sebuleni kwake santuri ya bendi ya Yes ikiwa inazunguka. Anasema huu ni muziki wa kufikiri. Nami nikiwa pale nafikiri kweli, hasa kuhusu saa ya kuondoka.

Albamu anayoihusudu ni Tales from Topographic Oceans ya mwaka 1973: santuri mbili, nyimbo nne, zaidi ya dakika 80. Hebu pigeni hesabu wenyewe. Urefu peke yake haunitishi. Mimi ni mtu wa taarab, nimezoea wimbo usio na haraka ya kwenda kwao. Lakini kwenye taarab msikilizaji ana kazi: ubeti ukikuchoma unainuka, unajipitisha mbele kwa madaha, unamtunza mwimbaji, unamtupia jicho yule unayejua anasemwa, unarudi kukaa. Kwa Yes niinuke nikamtunze nani? Mafumbo yamejaa tele, na hakuna hata moja linalomsema mtu. Nikiinuka tu, shemeji anaonyesha kiti kwa kidole: sehemu nzuri ndiyo inakuja.

Na kama wote wangekuwa watulivu, ningejikaza. Robert Fripp wa King Crimson hupiga gitaa ameketi kwenye stuli, uso mkavu, na mbele yake nina adabu zangu. Lakini wenzake! Keith Emerson wa Emerson, Lake & Palmer alikuwa akikichoma kinanda visu, na mwaka 1974 huko California alipiga piano huku yeye na piano yenyewe wakizungushwa hewani. Mwenzake Greg Lake hakuimba mpaka atandikiwe zulia la Kiajemi. Mwaka 1977 wakaanza ziara na okestra nzima. Gharama zikawashinda, okestra ikarudishwa kwao. Peter Gabriel wa Genesis alitokea jukwaani Dublin mwaka 1972 amevaa gauni jekundu la mkewe na kichwa cha mbweha, na wenzake kwenye bendi hawakuwa na habari. Nani anaweza kuyatazama hayo bila hata kutabasamu? Shemeji anaweza.

Kisha kuna Rick Wakeman, mpiga vinanda wa Yes, na majoho yake ya kumetameta. Mwaka 1975 alitaka kuonyesha hadithi za Mfalme Arthur kwenye ukumbi wa Empire Pool, Wembley. Kumbe ukumbi umewekwa barafu kwa ajili ya onyesho jingine. Mwingine angetafuta ukumbi. Yeye akawavisha mashujaa wake viatu vya kutelezea. Wakeman mwenyewe husimulia kwamba wapiganaji walipangwa wauane wawili wawili, ila usiku mmoja mtu mmoja akaugua. Basi akabaki shujaa asiye na wa kumuua, akawa anazunguka barafuni na upanga wake, mpaka ikambidi ajiue. Nilimsimulia shemeji kisa hicho huku machozi ya kicheko yananitoka. Akanijibu kwamba kwaya siku hiyo ilikuwa nzuri sana.

Waliowachukia wanamuziki hawa nao hawakuwa na nafuu. Johnny Rotten wa Sex Pistols alitembea na fulana ya Pink Floyd aliyoiandika juu kwamba anawachukia, na wakosoaji wakawatangaza kuwa watu wa majivuno. Anayewaabudu na anayewatukana wote wamekosea palepale: wanadhani watu hawa walikuwa hawaoni kichekesho chao wenyewe. Mwaka 1972 Ian Anderson wa Jethro Tull alitoa Thick as a Brick, wimbo mmoja uliojaza santuri pande zote mbili, makusudi kuzidhihaki albamu za kujikweza, akadai mashairi yametungwa na mtoto wa miaka minane. Wapo walioamini, wakaisikiliza kwa heshima zote, na ikaongoza mauzo Marekani.

Ushahidi wangu mkubwa lakini ni wa Wakeman huyohuyo. Yes walikuwa Manchester wakiipiga hiyohiyo Topographic Oceans, na kuna sehemu ndefu ambazo vinanda havina kazi. Akaletewa mchuzi wa Kihindi, akala palepale jukwaani mbele ya watu waliolipa viingilio. Mwaka 1974 akaiacha bendi.

Sasa nauliza. Ikiwa mpiga kinanda mwenyewe, tena aliyekuwa akilipwa, aliona muziki ule haupitiki bila chakula, kwa nini mimi mgeni niupitishe kwa kikombe kimoja cha chai ya rangi? Kwa hiyo masharti yangu ndiyo haya, na shemeji najua utasoma: siku nyingine ukiniita kusikiliza, sinia la pilau litangulie santuri. Na nikicheka nikiwa na tonge mdomoni, usinipige jicho. Nipige mgongoni, nisije nikapaliwa.