Usiguse Fimbo!

Kwanza ieleweke kwamba nililipa. Zaidi ya dola 200 kwa kichwa, bakshishi kando, ili niamshwe saa tisa na nusu usiku mwezi wa Januari, nipelekwe kwenye ziwa lenye upepo, niketi, nimtazame mwanamume mwenzangu akivua samaki.

Wazo lilikuwa la shemeji yangu, mume wa dada, mzaliwa wa Musoma. Tangu ahamie Dallas, shemeji amekuwa mtu wa kulipia mambo. Analipia kukimbia mahali pamoja bila kwenda popote. Sasa akaja na hili.

"Shemeji, twende Tawakoni tukavue kambare. Kuna kapteni anapeleka watu."

"Kambare?"

"Kambare, shemeji. Wakubwa."

Nilimwangalia vizuri. Shemeji ni Msabato wa kuzaliwa. Kambare hana magamba, na kwa Wasabato Kitabu cha Walawi kilishafunga mjadala wa samaki wasio na magamba. Miaka yote niliyomjua hajawahi kumtia kambare mdomoni, hata mchuzi wake. Nikamuuliza huyo kambare atamla nani.

"Hatuli, shemeji," akasema kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Tunavua."

Jumamosi, bila shaka, haikuwezekana kwa sababu ya Sabato. Basi ikawa Jumapili, na misa nikaikosa mimi.

Tawakoni lipo yapata kilomita 80 mashariki ya Dallas. Si ziwa la Mungu. Ni la bwawa, Mto Sabine ulizibwa mwaka 1960 maji yakajaa. Sehemu ya maji hayo husafirishwa hadi Dallas kwa matumizi ya watu, kwa hiyo mimi na kambare ambaye nilikuwa nalipa dola 200 nikutanishwe naye, tumekuwa tukinywa maji ya ziwa moja miaka yote. Kapteni ana leseni ya serikali ya kuongoza wavuvi, na sisi tunaoongozwa nasi tunakata leseni yetu ya kuvua, hata kama kuvua kwenyewe ni huku ninakokueleza.

Safari haikuanza vizuri. Mimi ni Mhaya. Siendi mahali pa mbali penye baridi bila ndizi, na siku hiyo nilikuwa na kichane cha ndizi mbivu kwenye mfuko. Kapteni, jitu la miraba minne lenye ndevu hadi kifuani, akachungulia mfuko, akarudi nyuma hatua nzima. Ndizi, akasema, haipandi boti yake. Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Wavuvi wengi wa Marekani wanaamini ndizi ni mkosi chomboni, na hawakubaliani hata sababu yake. Kapteni alinipa kadhaa papo hapo gatini: meli zilizobeba ndizi zamani zilizama; zilikwenda mbio mno mabaharia wasiweze kuvua; buibui wenye sumu walijificha kwenye mikungu. Buibui! Na hili ni ziwa ambalo mwaka 2007 lilitangazwa duniani kwa sababu buibui walifuma utando mmoja ukafunika miti ya hifadhi yake. Hakuna ndizi iliyotajwa katika kesi ile.

"Ni mila zao, shemeji, tuheshimu," akaninong'oneza shemeji. Haya. Lakini sisi tukisema mtu asipige mluzi usiku, tunaambiwa tuache ushirikina. Ndizi zangu zikarudishwa garini.

Kitu pekee kilichofanana na uvuvi siku hiyo kilifanyika kabla jua halijachomoza. Kapteni alisimama gubeti, akakunja kimia, akakirusha kikafunguka chote juu ya maji, akavuta shadi wengi, vijisamaki vya kung'aa, ndio chambo. Alirusha vizuri, sitamnyima haki yake. Nikamwomba nirushe mara moja tu, maana kimia nakijua tangu utotoni. Akasema bima yake haimruhusu.

Baada ya hapo akawakata shadi vipande, akavitia kwenye ndoana, akarusha fimbo moja baada ya nyingine, akazichomeka zote kwenye vishikio nyuma ya boti. Kisha akatugeukia na kutupa amri moja ya kazi: usiguse fimbo.

Maana yake nilielezwa. Ndoana zao zimepinda hadi ncha inatazama ndani. Samaki akimeza na kuondoka, ndoana yenyewe huteleza, ikageuka, ikamshika pembeni mwa mdomo. Ukimrukia kwa papara ukavuta, unaichomoa kabla haijageuka. Kwa hiyo fimbo ikitikisika, usiguse. Ikiinama kidogo, usiguse. Mpaka ipinde kabisa, ncha iingie majini, ndipo kapteni akuruhusu uinuke ukazungushe rili. Sayansi yake naikubali. Lakini mimi nimelelewa na mshipi wa mkononi, uzi juu ya kidole cha shahada. Samaki akigusa tu, mkono unavuta kabla akili haijaambiwa. Sasa nimekaa, fimbo inacheza mbele yangu, na mtu mzima ananipigia kelele "usiguse!" hata ninapokuna goti.

Mbele ya kapteni kulikuwa na skrini ya mashine inayopiga mawimbi ya sauti chini ya maji, na samaki wakaonekana pale, alama zenye rangi, chini yetu kabisa. Nikauliza, kama wapo, mbona hawali? Akaeleza kwamba kambare ana vionjo mwili mzima, si masharubu peke yake. Anaonja kwa ngozi. Kumbe walikuwa wanapita, wanajisugua kwenye chambo chetu, wanakionja kwa ubavu, wanakikataa. Mimi wakati huo nilikuwa natafuna mkate uliogandamana na jibini, kwa kuwa chakula changu kilifungiwa garini, na sikupewa nafasi ya kukataa kwa ubavu.

Kwa nini tusije Julai? Kwa sababu kambare wa buluu, ndiye mwenyeji wa pale, wakubwa wake hutafutwa zaidi wakati wa baridi. Na ukubwa ndio dini yenyewe. Kapteni alitusimulia, kwa sauti ya msibani, habari za kambare aliyevuliwa mwaka 2004 katika Ziwa Texoma, mpakani na Oklahoma, mwenye kilo 55. Rekodi yake ilivunjwa baadaye; mwaka 2011 walimtoa wa kilo 65 hivi huko Virginia. Lakini yule wa Texoma hakuliwa. Alipewa jina, Splash, akapelekwa kituo cha samaki cha serikali katika mji wa Athens, humu humu Texas, akatiwa kwenye tangi, watu wakawa wanakwenda kumtembelea hadi alipokufa mwaka uliofuata. Kule Ziwa Victoria vifaranga vya kambare tunavitia kwenye ndoana viwe chambo cha sangara. Huku kambare ana wageni.

Wapo Wamarekani, shemeji akaniambia, wanaomvua kwa mkono mtupu: mtu anazama, anaingiza mkono kwenye shimo, anamwacha kambare aume, anatoka naye. Texas imeruhusu jambo hilo tangu 2011. Nikamwambia hao angalau wanamgusa samaki.

Saa tatu asubuhi fimbo moja ikapinda mpaka majini. Kapteni akanipungia mkono. Nikainuka, magoti yakilia, nikazungusha rili. Kusema kweli samaki alivuta, na mabega yaliuma siku mbili. Lakini kila kilichobaki kilikuwa cha kapteni: kapteni akamkinga kwa wavu, kapteni akamtoa ndoana, kapteni akampima, kilo 15, kapteni akanipakatisha. Akanielekeza ninyooshe mikono mbele kuelekea simu, maana ukimsogeza samaki karibu na kamera anakuwa mkubwa na wewe unakuwa mdogo. Akapiga picha.

Kisha akamchukua mikononi mwangu akamrudisha ziwani.

Nilishindwa kusema. Kilo 15 za mboga zilipiga mkia mara moja zikaondoka. Sheria ina kikomo cha kambare wakubwa unaoweza kuchukua kwa siku, na kapteni ana sheria yake kali kuliko ya serikali: mkubwa ndiye mzazi, harudi na mtu nyumbani. Wa kula ni hao wadogo. Hoja ina akili, naifahamu, lakini haikunituliza. Baadaye shemeji akampata wake, akapigwa picha, akamwachia kwa furaha isiyo na kifani, kwa sababu hakuwa na mpango wa kumla tangu mwanzo.

Tuliporudi gatini, kapteni akawaweka juu ya meza wale wadogo tuliowapata, akawasha kisu cha umeme, na kwa dakika chache akawa ametoa minofu myeupe isiyo na mwiba. Vichwa na mifupa, pipani. Nikapiga kelele. Mwanza watu wamelea familia kwa mapanki, na huyu anatupa vichwa vizima vya kambare! Nikaomba nipewe. Kapteni akaniuliza, kwa dhati kabisa, nina mbwa wangapi. Kabla sijajibu, shemeji, Msabato, mzee wa kanisa, akasema: "Chambo. Anataka chambo." Kwa uongo huo nikapata mfuko mzima, na shemeji akatoa bakshishi ya noti mbili nono kumshukuru kapteni kwa kutuvulia.

Njiani akatuma picha yake kwenye kundi la familia. Mjomba wake wa Musoma, anayetega sangara hadi leo, akajibu kwa ujumbe wa sauti: mkubwa sana huyo, mmemuuza kiasi gani?

Shemeji akaandika kwamba tulimrudisha majini.

"Aliyewalipa mumrudishe ni nani?"

Shemeji akafuta, akaandika, akafuta tena. Mwishowe nikamnyang'anya simu nikasema ukweli: tulilipa sisi, na nikataja bei, nikaigeuza kuwa shilingi ili aelewe. Kimya kikawa kirefu hadi nikadhani mtandao umekatika. Ndipo ukaingia ujumbe mwingine, mjomba akiwa mwaloni, sauti za watu nyuma yake.

"Njooni Musoma, wanangu. Nitawatoza nusu, na kasia mtapiga wenyewe."